Jioni Waliyonisubiri Ukata

Wanangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii, mwenzenu Neema alikuja kunisalimu wiki ile ile aliporipoti hapa Mbinga. Ni binti mwenye adabu, shikamoo yake aliitoa tangu mlangoni. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, kishikwambi mapajani, akaniomba nimweleze tulivyofanya kazi zamani. Nikamwambia angoje kwanza nimletee chai. Akasema ameshakunywa, na ana taarifa ya kuingiza kwenye mfumo kabla ya saa kumi, hivyo nimweleze tu kwa kifupi. Kwa kifupi! Chai yangu ya tangawizi ikabaki kwenye chupa, naye akaaga. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika, maana nilijiona mimi nilipokuwa na umri wake, nikawakumbuka watu walionifundisha kukaa kwenye kiti hadi mgongo uegemee. Wengi wao sasa ni marehemu.

Basi haya ndiyo ambayo ningemwambia kama angekunywa ile chai.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilipangiwa Mbinga wakati Nyasa haijawa wilaya yake, yote ilikuwa eneo letu, kuanzia milima ya kahawa hadi kwenye mchanga wa ziwa. Nilikuja na sanduku moja, nikiwa nimejiapiza kwamba nikimaliza miaka miwili naomba uhamisho. Uhamisho niliuomba, nikakubaliwa, nikaukataa mwenyewe. Sasa nimestaafu na bado nipo. Binti yangu yuko Dodoma, kila Jumapili ananipigia kuniuliza ninangoja nini huku kwenye baridi. Simwambii. Huku nikipita sokoni naitwa Mama Ustawi, hata na watoto wasiojua maana yake. Kondoa nikipita nitaitwa nani? Walionijua wameondoka, na waliobaki wananiuliza nimetokea wapi.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mama Osmunda, Mmatengo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza ya kwenda kijijini nilivaa viatu vya visigino na kubeba dodoso la kurasa nyingi. Tulikuwa tunamfuata mama mmoja mjane ambaye watoto wake hawaendi shule. Tukamkuta shambani anachimba ngolo. Ninyi mliotoka mbali mtayaona mashimo hayo milimani, shamba zima limejaa miraba. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Shimo linabaki katikati, mvua ikija inaingia humo badala ya kushuka na udongo wote bondeni.

Mimi nikasimama pembeni, nikafungua kalamu, nikaanza: jina kamili, umri, idadi ya wategemezi. Yule mama akaendelea kulima kana kwamba mimi ni kuku anayelia. Mama Osmunda akavua viatu, akaomba jembe la pili, akashuka shimoni. Nami kwa aibu nikavua vyangu. Nikachimba udongo kwa bidii zote, kisha nikaurudisha kwenye shimo nilikoutoa na kusawazisha vizuri kwa bapa la jembe. Yule mjane akaacha kazi, akanitazama, akauliza nazika nini. Walicheka hadi Mama Osmunda akakaa chini. Tulipomaliza mstari mmoja, mjane alikuwa ameshatueleza yote bila kuulizwa hata swali moja. Dodoso nililijaza usiku huo nyumbani, na majibu yalienea.

Tukiwa njiani kurudi Mama Osmunda aliniambia maneno ambayo kila afisa aliyepita mikononi mwangu ameyasikia. Alisema ukifika kwa watu, kabla hujawauliza kitu, pokea kitu. Maji, jembe, mtoto wa kumbeba, chochote. Ukiwa hujapokea, wewe ni serikali tu. Ukishapokea, wewe ni mgeni, na mgeni anaambiwa ya nyumbani.

Niliyashika. Nilidhani nimeyashika.

Miaka michache baadaye Mama Osmunda akahamishiwa Songea, mimi nikabaki na eneo lote. Hapo ndipo lilipokuja shauri la Agnesi.

Agnesi alikuwa msichana wa darasa la pili aliyeishi Tingi na bibi yake mzaa mama, Bibi Ester. Wazazi wote wawili walikuwa wamefariki, mama kwanza, baba baadaye. Bibi Ester alikuwa Mwanglikana wa ukweli, hakosi ibada, lakini macho yalikuwa yamemwisha. Mtoto ndiye alikuwa macho yake. Alimpikia, alimshika mkono kwenda kanisani, alimwambia nani anapita njiani. Shuleni alikuwa haonekani tena. Mtendaji wa kijiji akaandika, barua ikafika kwangu, na juu yake mkuu wangu alikuwa ameshatia neno: apelekwe makao ya watoto Songea.

Nilikwenda Tingi nikamkuta mtoto anaanua usipa, dagaa wa ziwani. Bibi alikuwa na ndugu wavuvi ziwani waliomletea, naye huukausha na kuuza vifungu. Nikakumbuka somo langu, nikakaa chini nikaanza kuchambua nao. Siku ile Agnesi hakusema kitu. Nilipokwenda mara nyingine hakusema pia, ila aliniondolea usipa nilioweka fungu lisilo lake. Nikarudi tena. Ninyi mnaopenda kuandika kwamba mtoto hana ushirikiano, kumbukeni hapo. Siku moja tukiwa tumeinamia jamvi, bila kuniangalia, aliniuliza kama ni kweli atapelekwa Songea. Nikamwambia bado hatujaamua. Akaniuliza jambo ambalo bado nalisikia.

"Nikienda, nani atamwambia bibi kama usipa umekauka?"

Nilikwenda kuyaona yale makao. Yalikuwa safi, vitanda vimetandikwa, masista wapole. Hawakupokea bibi. Nikirudi nilingoja basi Kitai, nimekaa kwenye benchi la muuza mahindi, nikawa najiuliza kwa nini mtoto mwenye ukoo wa baba yake mzima asiwe na pa kwenda. Maana ukoo ulikuwapo. Babu yake mzaa baba, Mzee Kastori, alikuwa Ukata, mkulima wa kahawa, anajulikana. Lakini kila nilipomtaja, Bibi Ester aligeuza uso, akasema wale wa mlimani waache na milima yao. Mtendaji alijua tu kwamba hawasalimiani tangu msiba wa baba wa mtoto. Kwa nini, hajui. Mkuu wangu akanipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo mtoto achukuliwe.

Nikapanda Ukata. Ilikuwa Ramadhani.

Hapa lazima niwaeleze sengu, kwa kuwa wengi wenu hamtaiona tena. Kwa Wamatengo wa zamani, ukoo ulikula pamoja kwa mzee wao. Kila mama alipika kwake, akabeba chungu chake hadi uani kwa babu. Wanaume duara lao, wanawake na watoto lao, karibu kiasi cha kusikilizana. Hapo waligawana chakula, asiyekuwa nacho akala cha mwenzake bila mtu kujua kapika nani, na baada ya kula ndipo yaliposemwa yote: ugomvi, posa, shamba, mtoto mkaidi. Wakati ule koo chache zilikuwa bado zinaiendesha, na wa Mzee Kastori ulikuwa mmojawapo.

Nilifika alasiri, wakati wao wa kula siku za kazi nyingi. Nikapewa kigoda. Mzee Kastori alikuwa mrefu, mkavu, ana koti zito la zamani lililofungwa vifungo vyote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa heshima, vyungu vikafunguliwa. Ugali, maharage yaliyoungwa, majani ya maboga. Wakataka kuninawisha, nami nikarudisha mikono. Nikasema asante, sili.

Msafiri nilikuwa na ruhusa ya kula, najua, msinifundishe. Lakini niliona aibu kufungua mbele ya watu kwa ajili ya kazi. Kusema kwamba nimefunga pia nilishindwa, kwa sababu baba yangu alitulea kwamba mfungo ni kati yako na Mola wako, hutembei ukiutangaza. Huko Kondoa ukisema huli mwezi huo, kila mtu anaelewa. Ukata wakati ule Muislamu alikuwa Bakari wa dukani peke yake, na hakuna aliyefikiri kwamba afisa wa serikali angekuwa mwingine.

Akina mama wakaacha kupakua. Mzee Kastori akasema karibu tena, kwa upole. Nikasema asante tena. Akaweka tonge lake chini.

"Mama, hapa ni sengu," akasema. "Asiyekula hapa ana neno na sisi. Yule mama wa ziwani alikuja kumzika mwanangu, naye hakula. Tulijua neno lake. Alikuja kutuambia kwamba tumemuua binti yake, na sasa tumemuua na mume. Wewe amekutuma?"

Kumbe ndicho kilichokuwa kimewatenganisha. Miaka yote ile watu wa ukoo ule walikuwa wamebeba tuhuma ambayo hakuna aliyeitamka, kwa sababu ya sahani ya ugali iliyorudishwa msibani. Nami nimeingia siku yangu ya kwanza nikaifanya vile vile, na mtoto wa Tingi anangoja niamue maisha yake.

Nikajieleza. Niliona haya hadi sauti ikawa ndogo. Nikasema sina neno na mtu, mimi ni Muislamu na nimefunga, nitakula jua likizama, na kama ni kosa nisamehewe kwa ujinga wa ugeni. Mzee Kastori akauliza jua likizama linakuwa saa ngapi kwangu, nikamwambia. Kisha akageukia watu wake, akasema kwa Kimatengo maneno machache. Nikaona akina mama wanafunika vyungu.

Niliomba wale, jamani, kuna watoto. Akasema watoto wapewe viazi vya kuchoma kando, wakubwa watangoja. Na wakangoja. Wanaume waliotoka shambani tangu alfajiri walikaa pale, hakuna aliyenung'unika, ila kijana mmoja aliyekuwa akitazama jua kama linamdai. Kibaridi cha Ukata kikashuka, wakaniletea kanga ya pili. Wakaanza kuniuliza Kondoa ni wapi, na kama ni kweli hata maji hatunywi. Mama mmoja akasema yeye Kwaresima hujinyima nyama tu na bado anamkasirikia mumewe. Tukacheka. Jua lilipozama Mzee Kastori ndiye aliyeniambia, maana alikuwa akiliangalia kuliko mimi. Akanipa ndizi mbivu na maji kwa mkono wake mwenyewe. Halafu vyungu vikafunuliwa upya, tukala pamoja ugali uliopoa.

Wanangu, nimealikwa kwenye futari za watu wakubwa tangu siku ile. Hakuna niliyoitamani tena kama ile. Nikifunga siku hizi, hapa nyumbani kwangu, saa hiyo ikifika nashika kikombe na kuisikia ile sauti ikisema, haya mama, limezama.

Tulipokwisha kula Mzee Kastori akawa anachokonoa meno. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayefungua mlango uliokwama.

"Kumbe mtu anaweza kukataa chakula na asiwe na neno. Basi yule mama wa ziwani huenda naye alikuwa na lake. Nenda kamuulize."

Sikulala siku ile kwa kutaka kukuche. Nilishuka Tingi na gari la kwanza nililopata. Nikamkuta Bibi Ester amekaa kizingitini, Agnesi anamsuka. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hakula msibani Ukata. Mikono ya mtoto ikasimama kwenye nywele. Bibi akashangaa kwamba kuna mtu anayeuliza jambo dogo namna hiyo. Akasema walikwenda na lori la mahindi, mvua zilikuwa za masika, dereva akasema akikuta barabara imeharibika hatashuka tena wiki nzima. Walikuwa wametoka tu kaburini, lori likawa linapiga honi. Wenzake wakamvuta mkono. Alitamani mno kukaa. Hata tumbo lilimuuma kwa njaa njia nzima, na alilia kwa sababu hakuagana na wakwe vizuri. Baadaye akangoja waje kumsalimu, hawakuja, akajua wamemdharau kwa kuwa ni mtu wa muhogo na samaki.

Nikamweleza walivyoelewa wao. Akashika kichwa. Akasema, Bwana wangu, lori!

Walipanda Ukata kabla mwezi haujaisha, bibi amemshika Agnesi bega, Agnesi amebeba usipa uliofungwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa nyuma yao, nayo barua ya Songea ilikuwa bado mezani kwa mkuu wangu. Hakuna aliyehutubia. Bibi Ester aliketishwa na akina mama, akanawishwa, akala. Alikula polepole, anapapasa sahani, na uani pote watu walikuwa wanamwangalia mkono wake ukienda mdomoni. Alipoomba aongezwe, mke wa Mzee Kastori akaanza kulia.

Baada ya kula Mzee akasema nyumba ya marehemu mwanawe imefungwa tangu msiba, panya wanaitawala. Mtoto ni wa nyumba ile. Na kwa kuwa mtoto ni macho ya bibi yake, aje na bibi yake. Mtu mmoja akasema haijawahi kuonekana mama mkwe wa kijana kuhamia kwa wakwe. Mzee akajibu kwamba basi itaonekana sasa. Shauri likafungwa pale. Mkuu wangu alipouliza nimetumia utaratibu gani nilishindwa kumwandikia, nikaandika "usuluhishi wa kifamilia", na ndivyo ilivyo hadi leo.

Bibi Ester aliishi Ukata hadi alipofariki, akilalamikia baridi kila siku ya Mungu. Nilipopita hakunisalimu kabla ya kuuliza kama nimembebea usipa. Agnesi alisoma. Sasa ni mwalimu pale pale Ukata, ana watoto wake. Mama Osmunda alikwenda kimyakimya huko Songea, nikapata habari baada ya kuzikwa, jambo ambalo bado linaniuma. Na sengu iliisha. Haikupigwa marufuku na mtu. Vijana walijenga kando ya barabara, kila mlango ukapata meza yake na televisheni yake. Nikipita Ukata nasikia harufu ya maharage kwenye nyumba nyingi na hakuna ua wenye watu. Natamani kuwaonyesha, nami sina cha kuwaonyesha.

Mwezi uliopita Mzee Kastori alifariki. Neema aliposikia kwamba nahangaikia usafiri akaniambia gari la ofisi linapita huko, atanipeleka. Nimeshasema ni binti mwenye adabu. Tulizika mchana, mvua ikitishia. Tulipotoka makaburini dereva akawa amewasha gari, anaangalia mawingu, anataka avuke kwenye utelezi mapema. Neema akanisogelea, akaninong'oneza kwamba dereva anasema twende sasa hivi.

Chakula kilikuwa kinagawiwa kwa namna ya siku hizi zetu, kwenye sahani za kukodi, kila mtu na yake, amesimama. Niliangalia pale kilipokuwa kigoda cha Mzee, pamewekwa spika ya muziki wa injili. Machozi yakaja. Nilimtaka mzee yule. Nilitaka anipe ndizi.

Ndipo nikamwona Agnesi anakuja, amejifunga kitambaa cheusi, hakubeba sahani. Amebeba sinia moja kubwa, na jagi la maji linabebwa na binti yake. Akatandika jamvi pembeni ya ukuta, akapiga magoti mbele yangu, akaniambia nyama imechinjwa na Bakari. Lakini hakuninawisha.

"Mama Ustawi, umefunga leo?"

Nikamwambia sijafunga, kwa nini ananiuliza wakati si mwezi wake.

"Babu alituachia agizo. Ukija, tukuulize kwanza. Ukiwa umefunga, tungoje."

Dereva alipiga honi. Nilimwona Neema anageuka kuliangalia gari, halafu ananiangalia mimi niliyekuwa nimeshakaa chini na kunyoosha mikono. Akakitia kishikwambi kwenye mkoba. Akavua viatu, akaja jamvini, akakaa karibu nami, na Agnesi akamnawisha.